Mishipa ya miguu imetutumka: usianze na sindano, anza hapa

Mimi ni kinyozi, kwa hiyo kutwa nzima nasimama, kiti kipo lakini ni cha mteja. Ilianza hivi hivi tu, jioni nikivua soksi naona alama ya lastiki imezama kwenye mguu wa kushoto, mguu wenyewe mzito kama umefungiwa jiwe, alafu nyuma ya goti kuna mshipa umejikunjakunja chini ya ngozi kama mnyoo. Nikapuuza. Baadae ukaanza kuwasha, usiku msuli unakaza mpaka naamka nimeshika mguu. Nikaenda sehemu moja wakaniangalia kwa macho tu, wakasema hii kazi ndogo, wakachoma sindano kwenye ile mishipa inayoonekana, nikafurahi kweli maana ilipotea. Haikumaliza mwaka. Ikarudi pembeni kidogo na pale ilipokuwa, safari hii mingi zaidi, na kwenye ngozi nikabaki na mistari ya kahawia ambayo ipo mpaka leo.

Nilichokuja kuelewa baadae, na ndo maana naandika yote haya, ni kwamba ile mishipa unayoiona ni maji yaliyotapakaa sakafuni, bomba linalovuja liko juu, mara nyingi kwenye kinena au nyuma ya goti, na kwa macho hulioni. Ukideki bila kufunga bomba basi jiandae kudeki kila mwaka.

Mguu unafanyaje kazi, kwa ufupi

Damu kushuka mguuni haina shida, moyo unaisukuma. Kazi ipo kwenye kuirudisha juu. Ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, kuna vali, yaani vijilango vinavyofunguka kuelekea juu peke yake, na kila ukipiga hatua misuli ya shavu la mguu inazikamua vena za ndani kama unavyokamua tyubu ya dawa ya meno, damu inapanda, vali zinafunga nyuma yake isirudi. Mtu akisimama wima bila kutikisika, presha kwenye vena za kifundo cha mguu inafika kama milimita 80 mpaka 90 za zebaki (kipimo kile kile cha presha ya damu), akianza kutembea na vali zake ni nzima inashuka hadi 30 hivi au chini ya hapo. Sasa vali zikilegea ile presha haishuki vizuri, damu inamwagika kurudi chini, ukuta wa vena unatanuka, ukitanuka vali inayofuata nayo milango yake haikutani tena, na hivyo hivyo mpaka chini.

Nani anapata? Kwanza kabisa mwenye wazazi waliokuwa nayo. Alafu umri, mimba, uzito mkubwa, kazi za kusimama sehemu moja, na mtu aliyewahi kuganda damu kwenye vena za ndani. Wanaume tunapata pia ila wengi tunaficha na suruali ndefu.

Hatua ya kwanza: jikague mwenyewe, ukiwa umesimama

Simama dakika tano sehemu yenye mwanga, usilale wala usikae, maana ukilala mishipa inajificha. Angalia mbele, ndani ya paja, nyuma ya goti, na kifundo cha ndani cha mguu. Piga picha, itakusaidia kulinganisha baadae na hata daktari ataifurahia.

Vile vijishipa vyembamba vyekundu au vya zambarau kama utando wa buibui, chini ya milimita 1, na vile vya bluu vya milimita 1 hadi 3, hivyo mara nyingi ni suala la muonekano. Ikifika milimita 3 na kuendelea ukiwa umesimama, imevimba na unaishika kwa kidole, hapo ndo tunaita mishipa iliyotutumka kweli kweli. Madaktari wana ngazi zao, wanaziandika herufi C na namba kuanzia 0 mpaka 6: C1 ni ile ya buibui, C2 iliyotutumka, C3 mguu umevimba, C4 ngozi imeanza kubadilika, C5 kidonda kilichopona, C6 kidonda kibichi. Ukiona imeandikwa kwenye cheti chako usiogope, ni hiyo tu.

Na hapo kwenye C4 ndo watu wengi wanapitwa, kwa sababu haiumi sana. Angalia juu kidogo ya kifundo cha ndani: ngozi imekuwa kahawia kama imechafuka na kutu? Inawasha na kutoa magamba, ukapewa dawa ya fangasi na haisaidii? Imekuwa ngumu kama ubao, mguu umebana chini na kupanuka juu kama chupa iliyogeuzwa kichwa chini? Ile rangi ni chuma cha damu iliyovuja kwenye ngozi, sio uchafu, usiisugue. Mtu mwenye hizo dalili asikae anajadili soksi za kubana, aende kupimwa, maana kinachofuata ni kidonda.

Kuna vitu viwili usisubiri kabisa. Mguu mmoja kuvimba ghafla, unauma, una joto kuliko mwenzake, hasa kama umetoka kufanyiwa operesheni, kulazwa, kujifungua au safari ndefu ya kukaa, hapo inaweza kuwa damu imeganda kwenye vena za ndani, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukiongeza kubanwa pumzi au maumivu ya kifua hiyo ni dharura ya dakika. Kingine ni mshipa kupasuka, na huwa unapasuka hata bafuni kwa kujikwaruza kidogo tu, damu inatoka kama bomba na watu wanachanganyikiwa wanafunga kamba juu ya goti. Usifunge kamba. Lala chini hapo hapo, nyanyua mguu juu kuliko moyo, bonyeza kwa kitambaa safi palipopasuka bila kuachia kwa dakika 10, bila kuchungulia chungulia. Ukinyanyua tu presha inaanguka na damu inapungua. Ikiendelea kutoka ita msaada huku bado umebonyeza, na ikikata bado nenda ukaonwe kwa sababu itapasuka tena.

Hatua ya pili: ultrasaundi ya dopla, kabla ya mtu yeyote kukugusa na sindano

Hii ndo hatua niliyoruka mimi. Ni kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inaelekea wapi ndani ya mshipa. Haiumi, haina mionzi, ni jeli na kile kifaa wanachopitisha kwenye ngozi. Ila kuna namna ya kuifanya na namna ya kuidanganya. Kipimo cha vali kinafanywa ukiwa umesimama, uzito umeuweka kwenye mguu mwingine, mpimaji anakamua shavu la mguu kwa mkono alafu anaachia na kuangalia kwenye skrini damu inarudi chini kwa muda gani. Kwenye vena za juu juu, ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde basi vali haifungi. Mimi mara ya pili mpimaji alinigeuzia skrini, akakamua, rangi ya bluu ikapanda, akaachia, ikaja nyekundu ikashuka, ikashuka, ikashuka tu, nahesabu kimoyomoyo nikafika tatu. Pale ndo nikaona lile bomba langu kwa macho, liko kinenani, wakati mshipa niliochomwa sindano uko nyuma ya goti.

Mtu akikupima umelala tu chali, alafu anasema vali zako nzima, muulize kwa upole kama anaweza kurudia umesimama.

Ripoti unayoitaka iseme vitu vifuatavyo: vena gani inavuja (mara nyingi ni safena kubwa, ile inayotoka kifundo cha ndani inapanda ndani ya paja mpaka kinena, au safena ndogo inayopanda nyuma ya mguu mpaka goti), inavuja kuanzia wapi hadi wapi, upana wake milimita ngapi, na muhimu kuliko vyote vena za ndani ziko wazi au zimeziba. Kama za ndani zimeziba, hizi za juu zinaweza kuwa ndo njia ya mchepuko damu inayopitia, ukizifunga bila kujua umeharibu. Ripoti ya mstari mmoja inayosema "mishipa imevimba" haina kazi, hiyo hata mimi nilikuwa naiona.

Hatua ya tatu: amua kama unatibu au unasubiri

Sio kila mtu lazima atibiwe. Kama haikuumi, ngozi iko safi, na muonekano haukusumbui, unaweza kukaa nayo na ukaangalia kila baada ya muda. Watu wengi wanaishi nazo mpaka uzeeni bila kidonda chochote.

Dada mjamzito, wewe subiri. Kwenye mimba mishipa inatutumka sana, mpaka sehemu za siri, na mingi inapungua yenyewe ndani ya miezi kadhaa baada ya kujifungua. Tiba za kuchoma kwa joto na za sindano huwa hazifanywi wakati wa mimba, unapewa soksi na kunyanyua miguu, basi. Na kama unapanga mtoto mwingine karibuni zungumza na daktari kama inafaa kusubiri umalize.

Wanaotakiwa kwenda mbele bila kuchelewa ni wenye maumivu, uzito na uvimbe wa kila siku, ngozi iliyobadilika, mshipa uliowahi kutoa damu, mshipa uliowahi kuwa mgumu mwekundu na kuuma, na wenye kidonda kilichopona au kisichopona.

Hatua ya nne: soksi za kubana na mambo ya nyumbani

Niseme ukweli, soksi hazitibu. Zinashika. Ukivaa mguu unakuwa mwepesi, uvimbe unapungua, ukivua mambo yanarudi pale pale. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2013 umeenda mbali zaidi, unasema mgonjwa asipewe soksi kama ndo tiba isipokuwa kama tiba nyingine hazimfai, na mjamzito ndo wa kwanza kwenye hao. Mimi sikubaliani sana na watu wanaozidharau lakini, kwa sababu kwa mtu anayesubiri zamu yake au anayejichanga, soksi nzuri ndo inamfanya amalize siku.

Kabla hujanunua, mishipa ya kupeleka damu chini nayo iangaliwe, hasa kama una kisukari, unavuta sigara, umri umeenda au miguu inauma ukitembea na inatulia ukisimama. Wanapima presha ya kifundo cha mguu wanagawanya kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.8 usivae ya nguvu bila daktari kusema, maana utanyima mguu damu kabisa. Kisukari kinaweza kudanganya hicho kipimo kikaonekana kizuri wakati sio, kwa hiyo kitaje mapema.

Nguvu za soksi zinaandikwa kwa milimita za zebaki. 15 hadi 20 ni ya kawaida ya uchovu wa miguu, 20 hadi 30 ndo wengi wenye mishipa wanapewa, 30 hadi 40 ni ya ngazi za kidonda na iwe na maelekezo. Pimwa asubuhi kabla mguu haujavimba, kifundo penye wembamba kuliko kote, shavu penye unene kuliko kote, na urefu. Wengi wananunua kwa namba ya kiatu, alafu wanalalamika inabana vidole.

Kuvaa kuna ufundi. Asubuhi kabla hujasimama kitandani, mguu mkavu, usipake mafuta wakati huo, yapake usiku. Ingiza mkono ndani mpaka kisigino, kishike, geuza soksi nje ndani mpaka hapo kwenye kisigino, ingiza vidole na unyayo, hakikisha kisigino kimekaa kwenye kisigino, alafu panda nayo kidogo kidogo kwa viganja. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, nilicheka nilipoambiwa ila zinashika kitambaa na kucha hazitoboi. Usivute kwa kule juu. Na usikunje ule ukingo wa juu hata kama imezidi urefu, hapo unakuwa umejifunga kamba. Vua usiku, fua kwa mkono, usiianike juani kwa moto, na baada ya miezi mitatu mpaka sita lastiki inakuwa imechoka, nunua nyingine.

Mengine ya nyumbani unayajua: tembea, punguza uzito kama umezidi, nyanyua miguu juu kuliko moyo dakika 15 mara tatu nne kwa siku. Kuweka miguu kwenye kigoda hakutoshi, moyo bado uko juu. Na kama unasimama kazini panda kwa vidole na kushuka, mara 20, kila nusu saa hivi, hiyo inawasha ile pampu ya shavu la mguu.

Vidonge je? Vipo vya diosmini, na vipo vya mbegu za chesnati ya farasi. Vinapunguza uzito na uvimbe kwa baadhi ya watu, hakuna hata kimoja kinachorudisha vali. Ile mbegu yenyewe mbichi ni sumu, usiisage mwenyewe. Krimu za kupaka zinazoahidi mishipa itapotea ndani ya wiki mbili, sina la kusema, zinalainisha ngozi.

Hatua ya tano: zijue tiba za kufunga vena, uchague na daktari

Swali la kwanza kila mtu analiuliza, mimi pia niliuliza: ukifunga hiyo vena damu itapita wapi? Karibu asilimia 90 ya damu ya mguu inarudi kwa vena za ndani, hizi za juu zina kazi ndogo, na ile inayovuja haikusaidii chochote bali inarudisha chini damu ambayo ilishapanda. Safena kubwa hiyo hiyo ndo madaktari wa moyo huwa wanaing'oa kwenda kuunganisha mishipa ya moyo na mtu anaendelea kutembea.

Tiba ya joto ndo siku hizi inawekwa mbele kwa safena inayovuja, na ndo niliyofanya. Ni ya aina mbili, leza au mawimbi ya redio, matokeo yake hayapishani sana, kwa hiyo usigombane na daktari kwa nini ana mashine hii sio ile, bora uulize ameshafanya wangapi. Siku yenyewe inaenda hivi. Unasimama wanachora mguu kwa kalamu. Unalala, wanakupa ganzi kidogo karibu na goti, wanaingiza waya mwembamba ndani ya vena wanaufuata kwa ultrasaundi mpaka karibu na kinena, wanausimamisha sentimita chache kabla ya vena ya ndani. Alafu inakuja sehemu inayochosha, wanajaza maji ya ganzi kuizunguka vena nzima, sindano nyingi kufuata paja, baridi, unahisi mguu unajaa kama puto. Hayo maji yana kazi tatu, yanaondoa maumivu, yanaibana vena ikumbatie waya, na yanakinga ngozi na neva zisiungue. Baada ya hapo joto lenyewe hulisikii. Kwa mawimbi ya redio aina iliyoenea inachoma kipande cha sentimita 7 kwa joto la nyuzi 120 kwa sekunde 20, inarudi nyuma, inachoma kingine, mpaka wafike chini. Mimi nilisikia harufu au nilidhani nasikia, nesi akasema ni mawazo yangu. Nikavalishwa soksi nikaambiwa tembea, nikatembea korido nzima kwenda na kurudi. Vena inaganda ukutani, mwili unaila yenyewe kwa miezi. Kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10 inafunga.

Madhara yapo: kuvilia damu pajani, ganzi au mchomochomo kwenye ngozi ambao kwa wengi unaisha, na mara chache damu kuganda kwenye vena ya ndani. Wiki ya kwanza hivi utahisi kamba inavuta ndani ya paja ukinyoosha mguu, mimi niliogopa nikapiga simu, kumbe ndo vena inakauka.

Povu ni ile dawa ya sindano, polidokanoli au ndugu yake, inayochanganywa na hewa kwa kusukumana baina ya sirinji mbili mpaka iwe kama povu la sabuni, inaingizwa kwenye vena kwa kuongozwa na ultrasaundi, inaunguza ukuta wa ndani na vena inajifunga. Haihitaji yale maji ya ganzi, inarudiwa kirahisi, inafaa kwa mishipa iliyojikunja ambayo waya haupiti, na kwa iliyorudi baada ya operesheni. Ubaya, vena inafunguka tena mara nyingi kuliko kwa joto, na inaacha madoa ya kahawia. Uingereza waliwafuatilia wagonjwa miaka 5, majibu yakatoka 2019, waliofanyiwa leza au operesheni walikuwa na hali nzuri zaidi ya miguu kuliko wa povu. Kuna watu wanaona ukungu machoni au wanaumwa kichwa muda mfupi baada ya povu, kwa hiyo kama una kipandauso au uliwahi kuambiwa una tundu kwenye moyo, sema kabla. Kwa hiyo mimi sikuchomwa dawa mbaya, nilichomwa dawa nzuri sehemu isiyo yake.

Gundi ni mpya kidogo, Marekani waliiruhusu 2015. Ni ndugu wa hizi gundi za kubandika papo hapo, inadondoshwa ndani ya vena na daktari anabonyeza kwa nje. Hakuna sindano nyingi za ganzi, na soksi baada ya hapo mara nyingi sio lazima. Ila ni kitu kinabaki mwilini, na wengine ngozi juu ya vena inakuwa nyekundu na kuwasha kwa mzio, mwenye historia ya mzio wa gundi za kucha au kope asikae kimya.

Kutoa kwa vijitundu: ile mishipa mikubwa inayojikunja karibu na ngozi inatolewa kwa kulabu ndogo kupitia matundu ya milimita 2 au 3, kwa ganzi ya sehemu, hata uzi hauhitajiki. Mara nyingi inafanywa pamoja na joto siku moja, au wanasubiri wiki kadhaa waone nini kitanywea chenyewe baada ya bomba kufungwa. Mimi nilisubiri, theluthi mbili ilinywea.

Operesheni ya zamani ya kukata kinenani na kuivuta vena nje inafanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 na bado ipo. Haijafa wala sio ya kishamba, sehemu ambayo haina mashine na ina daktari mzuri wa upasuaji ni tiba halali kabisa, matokeo ya mbele yako karibu na ya joto. Tofauti ni usingizi au ganzi ya mgongo, maumivu na kuvilia zaidi, na siku nyingi zaidi nje ya kazi.

Vijishipa vya buibui vinapigwa sindano nyembamba sana ya dawa ya maji, au leza ya juu ya ngozi, vikao kadhaa. Kwa miguu sindano kwa kawaida inashinda leza. Na hata hapa, ukiwa na bomba linavuja, lifungwe kwanza.

Wenye kidonda nao niwaambie. Msingi ni bandeji za kubana zinazofungwa na mtu anayejua, baada ya kupimwa damu inafika mguuni. Zamani waliambiwa kipone kwanza ndo vena ifungwe. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2018 ukaonyesha kufunga vena mapema huku bandeji inaendelea kunaponya haraka, siku 56 kwa kati dhidi ya 82 kwa waliosubirishwa. Kwa hiyo kama una kidonda cha miezi unabadilishiwa bandeji tu na hakuna aliyewahi kukupima vena, uliza.

Hatua ya sita: maswali ya kwenda nayo

Andika kwenye simu, ukifika pale unasahau. Vena gani inavuja na umeionaje? Za ndani ziko wazi? Kwa nini unanichagulia hii na sio ile nyingine, ni mguu wangu au ndo mashine uliyonayo? Umefanya wangapi? Gharama uliyonitajia ina ultrasaundi ya kurudi, soksi, na kikao cha pili kikihitajika? Mpe pia orodha ya dawa zako, hasa za kuyeyusha damu na za homoni kama za uzazi wa mpango, na sema kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kuganda damu. Usiache dawa yoyote mwenyewe kujiandaa.

Mtu akikuahidi haitarudi milele, ondoka. Vena iliyofungwa vizuri kwa kawaida inabaki imefungwa, ila nyingine inaweza kuharibika baadae, kwa sababu wewe ni yule yule na ukoo wako ni ule ule.

Hatua ya saba: baada ya tiba

Tembea siku hiyo hiyo, alafu kila siku nusu saa au zaidi kwa vipande. Kulala kitandani kujionea huruma ndo kunagandisha damu. Soksi utaambiwa siku chache mpaka wiki mbili, fuata ulivyoambiwa wewe, sio jirani. Ndege na safari ndefu ahirisha kwa wiki nne au zaidi ukiweza. Kunyanyua vyuma na maji ya moto sana subiri wiki mbili hivi. Vinundu vigumu chini ya ngozi vinavyouma ukigusa ni damu iliyoganda ndani ya mshipa uliofungwa, vinayeyuka, vikisumbua daktari anavitoboa na kukamua. Mguu mzima kuvimba ghafla, homa, au kukosa pumzi, hiyo tena rudi juu kwenye zile dharura.

Na rudi kwenye ultrasaundi ya kuangalia, watu wanakacha hii kwa sababu mguu unapendeza. Mimi ya mwaka mmoja safena yangu ilikuwa imefungwa kabisa, haionekani, ila mpimaji akakuta kijishipa chini ya goti kinavuja kidogo, milimita 2 na nusu. Tumekubaliana tukiache, tutakitazama mwakani. Kwa sasa mteja akiwa anachagua staili kwenye simu mimi nyuma yake napanda na kushuka kwa vidole, wamezoea, kuna mmoja tu aliniuliza nasikiliza wimbo gani.